Siku Niliyoongoza Wimbo wa Pamba

Juzi nilimwita fundi wa magodoro hapa nyumbani Busia aje kulifungua godoro langu, ambalo lilikuwa limebonyea katikati. Alipoanza kuichapa pamba kwa fimbo, vumbi lake lilinijaa puani nikapiga chafya mpaka nikalazimika kukaa. Fundi alidhani nina mafua, nami sikumweleza. Nyinyi nitawaeleza, maana jambo lenyewe nimelibeba muda mrefu na sasa nimechoka nalo.

Nilikuwa na miaka kama kumi, enzi za Waingereza, baba aliponitoa kwetu Sikuda akanipeleka Tororo kukaa na dada yake. Jina lake lilikuwa Nabwire, lakini mimi nilimwita Senge, kama sisi Wasamia tunavyomwita shangazi. Msimu wa pamba ulipofika, Senge alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nami nilikwenda naye. Kazi yetu wanawake ilikuwa kubeba vikapu kutoka ghalani, kupanda ngazi za mbao, kumwaga pamba kwenye mashine, kushuka, kurudi. Tangu asubuhi mpaka jioni ni hivyo tu. Hata usingizini miguu yangu iliendelea kupanda.

Senge alibeba kikapu kama wengine, ila yeye ndiye aliyeimba. Mstarini walikuwamo Wasamia, Wapadhola, Wateso na Wajaluo, kwa hiyo aliimba Kiswahili, lugha ambayo kila mmoja alikuwa na kipande chake. Hakuwa na nyimbo za kukariri. Alitunga palepale, akitembea, kwa lolote aliloliona: kuku aliyepotelea ghalani, mvua iliyokataa kunyesha, mama fulani aliyevaa gauni ndani nje. Sisi tuliitikia, na hatua zetu zilikwenda na kiitikio. Mtu akiwa na huzuni, Senge alimtaja kwa jina ndani ya wimbo na kumtania kidogo mpaka acheke. Mimi aliniimba siku nzima nilipokuja bila kunawa uso. Nilinuna, lakini niliitikia.

Jioni alinifundisha. Alinitwisha mtungi wa maji akanizungusha uani, niimbe huku natembea, na maneno niyatoe kichwani mwangu, nisirudie ya jana. Nikiishiwa pumzi aliniambia kwamba navuta hewa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Na kila mara, kabla sijafungua mdomo, aliniamuru nitazame nyuma kwanza. Nyuma yangu palikuwa na mbuzi wawili na ua wa minyaa. Nilidhani ananifundisha kutafuta mtu wa kutania.

Asubuhi moja vumbi lilimkaba. Alifungua mdomo ikatoka hewa tupu. Mstari ukasimama, na nyapara, mwanamume mrefu aliyechungulia saa yake kila dakika, akaanza kufoka. Senge akanigusa bega, nikaanza.

Nawaambia kweli, sijawahi tena kuwa na furaha kama ile. Maneno yalikuja yenyewe. Nilimwimba nyapara na kofia yake, wanawake wakacheka, na walivyocheka nikaongeza kasi, na nilivyoongeza kasi miguu yao ikafuata. Ukishauitikia wimbo, ni vigumu mguu wako kubaki nyuma. Senge alinivuta gauni mara moja, akanivuta tena. Nilidhani ananipongeza. Kabla ya saa tisa ghala lilikuwa tupu.

Nyapara alisimama mlangoni akiitazama sakafu. "Leo nyinyi nafanya kazi mzuri," alisema. "Kumbe naweza. Sasa kila siku namna hii. Nani nashindwa, nakwenda kwao." Mimi nilisikia ile sehemu ya kwanza tu. Nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Sasa niwaambie nisilolijua siku ile. Mwisho wa mstari alikuwapo mwanamke wa Merikit, jina lake Amoit, mwenye mimba kubwa. Senge ndiye aliyempanga pale mwisho. Kila asubuhi alimtazama yeye kabla ya kuimba, akauchukua mwendo wake, akatugawia sote. Nyapara aliona wanawake wanaofanya kazi kwa furaha. Hakujua kwamba tunachelewa kwa pamoja, tena kwa makusudi, ili mmoja wetu asionekane anachelewa peke yake.

Sauti ya Senge ilirudi kesho yake, ya kukwaruza, akajaribu kuurudisha wimbo polepole. Nyapara alimkatiza, akagonga kioo cha saa yake kwa kidole, na wimbo ukarudi kwenye kasi yangu. Siku ya nne Amoit aliketi kwenye ngazi. Kikapu alikiweka kando vizuri, pamba isimwagike.

"Mimi nachoka, dada," alimwambia Senge. "Wimbo nakimbia sana."

Alifukuzwa palepale. Alijifunga leso upya, akashika njia ya Merikit peke yake, na sikuwahi kusikia kama alijifungua salama. Sijui mpaka leo, na inaniuma.

Senge hakunigombeza. Jioni alinipa uji, akajilaza. Nami nilimaliza msimu nikijiona mwimbaji, nikishangaa tu kwa nini wanawake hawacheki tena.

Nilikuja kuelewa nikiwa na mimba yangu ya kwanza. Tulikuwa tunatoka kisimani, wenzangu wakaanzisha wimbo wa haraka, wakaniacha. Nilitua mtungi njiani nikakaa chini, nikamkumbuka Amoit, na aibu ikanishika mwili mzima. Wiki hiyohiyo nilikwenda Tororo kwa Senge. Alikuwa amezeeka, sauti imebaki mnong'ono. Nilimuuliza kwa nini siku ile Amoit alipofukuzwa hakunichapa.



"Nilitaka kukuchapa, mwanangu," alisema. "Hata fimbo nilikuwa nimeshakata. Lakini jioni ile nilikuwa nimechoka sana."

Alicheka, nami nikacheka naye kidogo. Kisha nikalia, kwa sababu miaka yote ile niliuchukua uchovu wake nikauita msamaha.