Pikipiki Yangu na Mama wa Ghorofa ya Juu

Pikipiki yangu ya kwanza iliibwa mchana kweupe Alief, Houston, nje ya duka nililoingia kununua unga wa ugali na majani ya chai. Nilikuwa nimefunga usukani kwa ufunguo wake, basi. Nilipotoka, mahali pale palibaki tone la oili tu. Mama mmoja aliyekuwa akipakia vitu vyake garini aliniambia aliona wanaume wawili wakiinyanyua kama meza na kuitia nyuma ya pikapu.

"Nilidhani ni yao," akasema.

Sikuweza kumlaumu. Nani angewaza kwamba watu wanaiba huku wanatazamwa?

Baadaye nikahamia Grand Prairie, nilikopata kazi ya unesi wa usiku. Wenzangu wa kanisani walidhani nimeshakoma. Gari nilikuwa nalo, zee lakini linalotembea, na Texas bila gari huendi popote. Lakini baba yangu alikuwa bwana mifugo. Alizunguka kwa wafugaji na pikipiki ya serikali, na siku za likizo alinipakia mbele yake, mikono yangu juu ya tangi lenye joto. Hamu iliyoniingia hapo haikutoka. Nikanunua nyingine, nyekundu, iliyokwisha kutumika, yenye injini ndogo na mlio mtamu.

Safari hii niliapa kwamba atakayeitaka ataitolea jasho. Aliyeniuzia alinipa neno moja la maana: mwizi hazuiliki, ila huchoka. Basi nikanunua vya kumchosha. Kwanza mnyororo mnene kama kifundo cha mkono wangu. Niliupitisha ndani ya fremu, maana gurudumu mtu hulifungua na kukuachia hilo gurudumu, kisha nikauzungusha kwenye mlingoti wa taa wa maegesho. Pili, kufuli dogo la manjano linalobana diski ya breki ya mbele, lenye king'ora ndani yake. Pikipiki ikitikiswa kidogo, kilionya kwa mlio mfupi. Ikitikiswa tena, kilipiga ukelele wa kutoboa masikio. Juu ya yote nikafunika turubai la kijivu.

Lile kufuli la manjano lilinitia adabu wiki ya kwanza. Nilikuwa naenda kazini, nimechelewa, nikafungua mnyororo, nikawasha, nikaondoka. Gurudumu likageuka nusu mzunguko likagoma. Mimi na pikipiki tukalala chini pamoja, king'ora kikilia kama kinachochinjwa.

Kabla sijainuka, kulikuwa na mwanamke mbele yangu, wa umri wa mama yangu mdogo, amejifunga kitenge, mkononi ana kitunguu alichokimenya nusu. Ndivyo nilivyokutana na jirani yangu wa ghorofa ya juu.

"Yee, dada, pole! Muguu haikuvunjika?"

Nilimwambia niko sawa. Akaweka kitunguu chake juu ya ukingo wa maegesho, akashika nyuma, mimi nikashika usukani, tukaisimamisha. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Alitoka upande wa Uvira, akaishi kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, na sasa alifanya kazi ghalani, zamu ya jioni, kusimama tangu mwanzo hadi mwisho. Hayo nilikuja kuyajua polepole. Siku ile aliniuliza tu kama nimeumia, akachukua kitunguu chake akapanda.

King'ora changu kilikuwa na tabia mbaya. Kililia lori la taka lilipopita. Kililia radi ilipopiga, na Texas radi hupiga kana kwamba zinadai kitu. Nilipunguza ukali wake hadi mwisho, na bado kililia. Majirani wakalalamika ofisini, nikaandikiwa ujumbe wa heshima wenye sumu ndani. Baada ya hapo wakazoea. Watu wakizoea king'ora, kinakuwa kama mbwa wa jirani: kinabweka, na hakuna anayegeuza kichwa. Hata mimi mwenyewe nilizoea. Nililala mchana na vizibo masikioni na feni ikivuma kando ya kitanda.

Yule mama peke yake hakuzoea. Kila kilipolia akiwa nyumbani, alitoka kwenye roshani yake, akaegemea chuma, akatazama chini mpaka aridhike. Nilimwona mara nyingi siku nilizokuwa macho. Asubuhi moja ya mvua nilikimbia nje kukizima, nikamkuta ameshatoka, kitenge kimelowa begani.

"Mama, rudi ndani," nikamwambia. "Ni lori tu. Hiki kitu hulia bure."

"Nimeona ni lori."

"Sasa kwa nini unatoka kila mara?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Kitu inalia, muntu anatoka anaangalia. Kwetu ni vile. Mwenzako akipiga kelele na wewe unalala, siku yako nani atatoka?"

Nilitikisa kichwa nikarudi kulala. Nilimpenda, lakini niliona anajisumbua.

Asubuhi nyingine, muda si mrefu baadaye, nilikuwa nimetoka kazini, nimeoga, nimelala usingizi mzito wa manesi wa usiku. Katikati ya usingizi huo nikasikia mlango ukipigwa kwa kiganja, si kubishwa bali kupigwa, na sauti ikapenya vizibo na feni.

"Dada! Amuka! Moto! Moto!"

Ukimwamsha Mkenya kwa neno hilo, hakuulizi swali. Niliruka. Sikuvaa viatu. Nilinyakua pasipoti na, sijui kwa nini, sufuria ya chai, nikafungua mlango. Mama alikuwa ameshaniacha anashuka ngazi, ameshika mwiko, akipaza sauti iliyojaza ua mzima: "Moto! Moto ya dada! Mutoke! Moto!"

Milango ikafunguka. Jengo letu lilikuwa na familia kadhaa za Afrika Mashariki, na nyingi zilikuwa na mtu aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Chini yangu aliishi Mtanzania mmoja, baba mpole, dereva wa lori la mizigo. Alitoka na fulana na shuka kiunoni, akang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akakimbia akiuliza, "Uko wapi? Uko wapi?"

Tukapinda kona ya jengo. Na kweli, cheche zilikuwa zinaruka.

Turubai langu lilikuwa chini. Mwanaume amepiga magoti kando ya pikipiki yangu, ana mashine ya kukatia chuma, anaukata mnyororo. Mwenzake yuko kwenye usukani wa pikapu, injini inanguruma. King'ora kilikuwa kinapiga ukelele wote kiliojaliwa, nao walikuwa watulivu kabisa, maana walijua kama nilivyojua mimi kwamba hakuna anayetoka nje kwa sababu ya king'ora.

Mtanzania hakuona wezi. Aliona cheche na moshi. Akavuta pini, akafungulia. Wingu jeupe likafunika pikipiki, mlingoti wa taa na yule mwanaume. Nilisikia akikohoa, nikaona umbo jeupe likijikwaa kuelekea pikapu, mlango ukajibamiza, wakaondoka kwa kasi. Mashine yao ilibaki chini.

Wingu lilipotulia, tulisimama pale, watu wengi wasio na viatu, mtoto mmoja analia kwa mama yake. Hofu ilinijia wakati huo, si kabla. Texas hujui mtu amebeba nini kiunoni. Mama alikuwa mbele yetu sote, hatua chache tu kutoka pale yule mwanaume alipokuwa amepiga magoti, mwiko bado uko juu.

"Mama, moto uko wapi?" nikauliza.

Akaonyesha pikipiki kwa mwiko. "Si hii? Moto yako! Walitaka kuiiba!"

Ilinichukua muda. Kwao pikipiki huitwa moto, neno walilolichukua kwa Kifaransa. Alikuwa akitangaza wizi, na sisi tulitoka kuzima nyumba. Kicheko kilianzia kwa mwanamke mwenye mtoto, kikatuzunguka wote, mpaka Mtanzania akakaa juu ya ukingo, mtungi mapajani.

"Sasa mama yangu," akasema akifuta machozi, "si ungesema tu pikipiki?"

"Ningesema pikipiki, ungetoka?"

Mtanzania akaweka mtungi chini. Alikuwa mtu mkweli. "Nisingetoka, mama," akasema. "Ningegeukia upande wa pili."

Hakuna aliyecheka hapo. Sote tulijua kuwa ni kweli kwetu pia.

Polisi walikuja, wakaandika, wakachukua ile mashine. Mnyororo ulikuwa umekatwa zaidi ya nusu. Unga wa mtungi ule hula chuma ukiachwa, kwa hiyo hatukulala. Mtanzania alileta mpira wa maji, mimi ndoo na sabuni. Mama alileta mswaki wa zamani, akachuchumaa kusugua kila waya wa gurudumu, huku akiniuliza kufuli hili linashika wapi na mnyororo unapita wapi. Nilipomwonyesha mlingoti wa taa, akakunja uso. Kutoka roshani yake, upande ule hauonekani vizuri. Akaniamuru niihamishe hadi kwenye nguzo ya chuma chini ya roshani yake, na nikaihamisha palepale, na mnyororo mpya uliponifikia niliufunga hapo.

Jioni nilimwona akiingia kwenye gari la wenzake wa ghalani, amebeba chakula chake kwenye mfuko, macho mekundu kwa kukosa usingizi kama yangu. Alikuwa na saa nyingi za kusimama mbele yake, na hakuwa ametamka neno moja la uchovu. Niliendesha pikipiki hadi hospitalini nikimfikiria njia nzima. Wagonjwa na manesi wenzangu waliisikia hadithi hiyo kabla ya usiku kuisha. Niliisimulia kwa mikono na miguu, na kila niliposimulia mama alizidi kuwa mrefu.

Kesho yake nilimpelekea mandazi. Nikamuuliza wenzake wa ghalani walisema nini walipoisikia.

"Waliposikia nini?"

"Mama! Ya jana. Hukuwaambia?"

Akafikiri, mandazi mkononi. "Niwaambie nini, dada? Kwamba nilitoka inje?" Kisha akasogea pembeni nipite, akaniuliza kama nimekula.