Nguzo ya Kwanza

Mama alishinda kesi katika Mahakama Kuu, kisha akafanya kile ambacho binti yeyote wa kwetu angefanya: alimwita kaka yake, yuleyule aliyeshindwa katika kesi hiyo, aje amwekee nguzo ya kwanza ya nyumba.

Kwetu nyumba haianzi bila mkono wa mwanamume wa ukoo, na Mama alizaa wasichana watupu. Katiba ilikuwa imempa sehemu ya shamba la babu, kule Homa Bay, mlimani ambako ziwa huonekana chini liking'aa kama bati jipya. Lakini Katiba haichimbi shimo. Baba alituacha nikiwa mdogo, tukaishi Awendo katika chumba cha kupanga, masizi ya miwa iliyochomwa yakitua kwenye nguo tulizoanika. Kurudi kwao ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia Mama akiliombea kwa sauti.

Mjomba alikuja na shoka na jogoo. Akachimba, akasimamisha nguzo, akanywa uji wa Mama mpaka akakwangua kibuyu. "Nyamera," akamwambia, yaani dada yangu, "sasa uko nyumbani." Mkewe akapiga picha. Mama alikuwa akifuta machozi kwa pindo la leso. Rufaa ya mjomba ilikuwa bado mahakamani, lakini nani angeiwaza siku ile? Tulijua ataiondoa.

Hakuiondoa. Siku ya kusikizwa tuliketi katika ofisi ya wakili wetu mjini Migori, mbele ya kompyuta, maana majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa walisikiza kwa mtandao. Wakili, msichana wa rika langu, alikuwa amekunja uso tangu tulipoingia.

"Jana jioni upande wa pili umeniletea ombi la kuongeza ushahidi," alisema. "Mama, chochote utakachoona, nyamaza."

Wakili wa mjomba alizungumza Kiingereza laini, nami nikamnong'onezea Mama kwa lugha yetu, Dholuo. Alisema Katiba inayolinda usawa ndiyo hiyohiyo inayolinda utamaduni. Kisha picha ikajaa kwenye kioo: jogoo, shoka, nguzo, Mama na leso yake. Mwanamke huyu, akasema, baada ya kushinda, alimwita mrufani amsimamishie nyumba. Basi amekiri mwenyewe kwamba ardhi ni ya mwanamume.

Niliacha kutafsiri. Mama akanivuta mkono.

"Amesema nini?"

"Amesema ulimwita mjomba."

"Si nilimwita? Ningemwita nani, polisi?"

Nilipomalizia yaliyobaki, alibaki kinywa wazi, kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Pembeni mwa kioo tulimwona mjomba, tai shingoni, akijitazama kwenye picha.

"Huyu alikunywa uji wangu," Mama akasema. Bahati nzuri kipaza sauti kilikuwa kimefungwa.

Jaji mmoja, mama mwenye miwani, aliuliza: "Wakili, kaka akinishikia ngazi, paa linakuwa lake?" Wakili alipekua karatasi zake. Jibu sikulisikia. Nilikuwa nikitazama mikono ya Mama, ikikunja na kukunjua pindo la leso juu ya meza.

Hukumu ilikuja kwa barua pepe baada ya miezi mingi. Wakili alipotupigia simu, Mama alikuwa sokoni Awendo akipima omena, dagaa wa ziwani. Picha imekataliwa, rufaa imetupwa. Nilitarajia vigelegele. Mama alimkabidhi mteja omena yake, akakaza leso kiunoni, akasema, "Twende Homa Bay."

Mjomba hakuwepo. Mama alienda moja kwa moja kwenye nguzo, akaikumbatia, akaitikisa kulia na kushoto mpaka ikang'oka. Majirani walikimbia hadi uani.

"Wewe, binti wa boma hili!" mmoja akapaza sauti. "Unaita laana! Chira itakukamata!"

"Ije na wakili wake."

Kuna mwanamke aliyecheka, kisha akajiziba mdomo. Mama alichukua jembe, akachimba shimo jingine hatua chache kutoka lile la kaka yake, akaisimamisha nguzo humo yeye mwenyewe. Hapakuwa na jogoo. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Mimi, niliyeandika chuoni kurasa na kurasa juu ya usawa, nilishtuka kukuta kiganja changu kimefunika mdomo wangu, sawa na wale wengine.

Nguzo ilikuwa imeinama kidogo. Mama aliishikilia kwa mikono miwili, akihema, akanitazama.

"Unangoja mwanamume?" akaniuliza. "Kanyaga udongo."

Nikakanyaga.