Sarafu Nne za Mama Mkubwa Somoe

Nilikwenda Songea kwa sababu nilichoka kusikia mama yangu mkubwa akiitwa mwongo. Mama Mkubwa Somoe ana sarafu nne zenye tundu la mraba katikati. Tangu nipate akili anasimulia kwamba babu yake alizileta kutoka Kilwa, alikokwenda kwa miguu akibeba pembe za ndovu. Hapa kwetu Mbesa watu humcheka, na shemeji zangu husema ni washa za trekta, vile vyuma vya duara vya kukazia nati. Mwaka huu macho yake yamepungua nuru, akaniambia, "Hadija, nataka nithibitishiwe nikiwa hai." Nikafunga safari.

Siku moja kabla ya kuondoka nilifanya kazi niliyojivunia sana. Nyumbani kwetu hatupeleki kitu kwa watu kikiwa kichafu. Hata kuku wa zawadi huoshwa miguu. Nikazisugua sarafu kwa limau na majivu mpaka zikang'aa.

Alfajiri bodaboda ilinipeleka Tunduru mjini, nikapanda basi. Mikorosho ikabaki nyuma, ikafuata misitu ya miombo, kisha Namtumbo, ambako nilinunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Kila tulipopita tuta niliminya fundo la khanga kuhakikisha sarafu zipo.

Saa tisa alasiri niliingia Songea. Baridi ilinipokea nami sina sweta. Nilielekezwa Bombambili kwa Mama Haule, mstaafu aliyefanya kwa miaka mingi kazi ya kutambua vitu vya kale vilivyochimbwa pwani.

"Shikamoo, mama. Nimetoka Tunduru."

"Marahaba, karibu mtani! Wangoni tuliwafukuza Wayao, leo mnarudi wenyewe?"

"Tumefuata ng'ombe wetu mliowachukua."

Alicheka, akanivalisha sweta lake, akakataa kabisa kuzungumzia sarafu kabla sijala ugali na mboga ya maboga. Nilimpenda papo hapo.

Asubuhi alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka mizani ndogo, kioo cha kukuzia na kitabu chenye picha. Nikafungua fundo. Akainua moja kwenye mwanga.

"Nani kazisugua?"

"Mimi, mama. Kwa limau."

Akajishika kichwa. "Mtani, umeniua! Ile kutu ya kijani ndiyo inayotuambia umri wake. Umechana cheti cha kuzaliwa!"

Machozi yalinilenga. Nilimwona Mama Mkubwa akifa na jina la mwongo, na mwenye kosa ni mimi na usafi wangu.

Mama Haule hakukata tamaa. Alizipima uzito, akalinganisha maandishi na picha za kitabuni, akapapasa kingo. Kisha akachungulia ndani ya tundu la mojawapo, akakaa hapo muda mrefu.

"Njoo uone."

Katika kona za tundu, ambako kidole changu hakikufika, kulikuwa na kijani kigumu kilichoshikana na shaba yenyewe.

"Mungu ashukuriwe kwa uvivu wako," alisema baada ya kuchungulia na nyingine. "Kutu hii haipakwi kwa brashi. Hizi tatu ni za Uchina, zina karibu miaka elfu moja. Kama babu yenu alipita Kilwa au la, siwezi kuapa, lakini pwani ile sarafu kama hizi zimeokotwa."

Nilimkumbatia mpaka miwani ikamdondoka. Ndipo akaisogeza ya nne pembeni. "Hii ni ya juzi tu. Imepakwa rangi, maandishi yake butu, kona ni safi." Ilikuwa ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Furaha yangu ikaingiwa na wasiwasi: shemeji wakisikia moja ni bandia, watasema zote bandia.

Kesho yake nilirudi Mbesa. Ukoo mzima ulikuwa umejaa barazani. Nilisema yote, hata ya limau, na ya nne nikaisema kwa sauti ndogo. Mama Mkubwa alizipokea kiganjani, akazipapasa moja moja, akaishika ya nne na kuangua kicheko.

"Hii niliinunua mwenyewe Masasi, duka la mapambo! Ya babu ilinipotea shambani. Nikaona nikisema ni tatu, mtasema nabadilisha maneno."

Baraza zima lilicheka, shemeji wa washa za trekta akiwa wa kwanza, kisha akainama kumwomba radhi. Mimi nimejifunza kuacha vitu vya kale na uchafu wake. Na huyu mama tuliyemwita mwongo miaka yote, kumbe alidanganya mara moja tu, na Mama Haule akamkamata.