Gati Juu ya Meza

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa treni kwenye reli inayotoka Kisangani, ng'ambo ya kushoto ya mto, kwenda Ubundu, mpaka siku mabehewa mawili yalipombana kiunoni. Alipona, lakini miguu haikurudi. Hospitali ilimtoa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, naye akaja kukaa kwangu, ng'ambo ya kulia, pamoja na mke wangu na mama yetu. Uhuru ulikuwa bado.

Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la Mgiriki mmoja karibu na soko. Yule tajiri aliagiza kutoka Ulaya vitambaa, sufuria, na kila Noeli vitu vya kuchezea vya watoto wa Wazungu. Siku moja mteja alirudisha treni ndogo ya umeme kwa sababu injini yake ilikuwa inakwama. Nilimwomba tajiri aniachie, nikaipeleka nyumbani nikidhani nampelekea yaya kitu cha kumpitishia mchana. Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu. Aliifungua, akasafisha meno ya ndani kwa mafuta ya taa, na kabla chakula hakijaiva treni ilikuwa inazunguka mezani. Mama alichungulia mlangoni, akarudi jikoni. Mke wangu alimkuta huko anajipangusa macho kwa kitenge.

Tangu siku ile tulikula juu ya mkeka. Meza ilikuwa ya yaya. Alijenga vituo kwa mbao za masanduku ya sabuni, akapanda msitu wa vipande vya sifongo alivyovitia rangi ya kijani. Lakini hakuridhika.

"Reli yetu inaanzia gatini," aliniambia. "Bateau haiwezi kupanda maporomoko ya Wagenia, ndiyo maana walijenga reli. Bila meli, treni yangu inabeba nini?"

Nikamletea katalogi ya duka, iliyokuwa na kurasa kadhaa za meli za kuunganisha, zile zinazokuja kwenye boksi vipande vipande na gundi yake. Nilimwonyesha manowari moja yenye mizinga, nzuri kuliko zote. Aliitazama, akachukua sanamu ya abiria iliyosimama kituoni, ndogo kama kiungo cha kidole, akailaza juu ya picha.

"Huyu mutu akishuka kwenye treni, ataingia mlango gani hapa? Hata mkono wake hautapita."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba meli nyingi za boksi zimepunguzwa mno kuliko treni. Zikiwekwa pamoja, treni inaonekana jitu na meli inaonekana mtumbwi. Na zile chache zenye kipimo cha treni, kama ni za baharini, zingejaza chumba kizima. Yaya alipekua kurasa zile wiki nzima. Mwishowe alichagua mbili: tagi, boti fupi ya kusukuma majahazi ya mizigo, na meli ya abiria ya mito ya Amerika, yenye gurudumu kubwa la kupiga maji nyuma. Alisema ile ya pili ilifanana na meli kuukuu zilizokuwa zikifika Kisangani alipokuwa kijana, kama ukiiondolea yale mapambo.

Boksi zilifika wakati Wazungu wameanza kufunga mizigo yao. Uhuru ulikuja, tukaimba barabarani, na baada ya muda mfupi askari waliasi, posta ikawa inafika ikitaka. Mgiriki aliondoka na ndege, akaniachia funguo za duka ambalo halikuwa na kitu tena. Yaya alipofungua boksi ya meli ya abiria, gurudumu la nyuma halikuwemo.

"Tuandikie kiwanda?" niliuliza.

"Kwa posta gani?"

Akalitengeneza mwenyewe kwa njiti za kiberiti. Tumbo la kila meli alilikata kwa msumeno mwembamba, pale maji yanapofikia, ili ikae sawasawa juu ya mto. Mto wenyewe ulikuwa ubao aliopaka rangi ya udongo, kisha vernishi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukitazama unaona kina. Gundi ilipokauka kwenye chupa hakukuwa na nyingine mjini. Alichemsha ngozi ya ng'ombe, nyumba ikanuka, mke wangu akalalamika, lakini gati ilikamilika. Majirani walikuja kutazama. Tagi ilikaa na majahazi yake ubavuni, meli ya abiria nyuma yake, na treni ikisubiri kando na milango wazi. Mimi sikuwa na kazi, mji ulikuwa unabadilisha wakubwa kila mara, na yaya alikuwa na gati ambayo kila kitu kilikuwa mahali pake.

Mwaka wa nne wa uhuru waasi wengine, si wale askari, walipoingia mjini, waliokuwa na miguu na ndugu kijijini walikimbia. Sisi tulizungumzia kushuka mto mpaka Isangi kwa mtumbwi.

"Mtanibeba mpaka wapi?" yaya aliuliza. Tukabaki.

Walifika kwetu asubuhi moja, vijana wenye mikuki na bunduki moja, wakitafuta redio za kusema na adui. Waliona meza.

"Nani alichora hii carte?" aliuliza mwenye bunduki, kama vile ni ramani.

"Haiko carte," yaya alisema. "Iko muchezo ya treni."

"Mutu muzima na ndevu, anacheza na bateau?" Aliinama, akatazama gati. "Hii iko port yetu. Unaonyesha adui fasi ya kushukia. Bon, kama iko muchezo, cheza."

Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Yaya alizungusha swichi, treni haikusogea. Akazungusha tena. Nilisogea, nikaisukuma treni kwa kidole mpaka kituoni, na kwa mdomo nikaanza kutoa mlio wa injini, mtu mzima mimi, jasho linanitiririka mgongoni. Mmoja wao alicheka. Mwenye bunduki hakucheka.

"Alors, twende," alisema.

Walimpakia yaya na kiti chake kwenye lori, na meza nyuma yake. Mama alishika mlango wa lori, wakamwondoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja, kama watu wenye adabu.

Walimpeleka kambi ya Kapalata. Nilikuwa naenda na chakula, nakaa getini na watu wengine wenye vyakula vyao. Mara nyingi walipokea sahani wakanifukuza. Siku moja waliniruhusu kuingia. Nilimkuta kwenye chumba kikubwa, meza mbele yake. Reli ilikuwa imeng'olewa nusu. Mahali pa msitu palikuwa na uwanja wa ndege wa mbao, barabara za mji, na daraja la Tshopo. Kumbe mkubwa wao hakuwa ameiogopa meza. Alikuwa ameipenda.

"Wanataka mji wote," yaya aliniambia kwa sauti ya chini. "Wapange wapi waweke watu wao. Wameniambia nikimaliza nitarudi nyumbani. Ningeweza kukataa?"

"Hapana."

"Basi usiniangalie hivyo."

Sikujua nilikuwa namwangalia vipi. Juu ya tagi yake walikuwa wamechomeka kijibendera. Alipaka gundi kwenye kibao kimoja, akakibandua, akakipaka tena. Nilimwachia ndizi na samaki, nikatoka. Alikuwa anaivuta kazi makusudi, nilielewa baadaye. Alijua kwamba meza ikikamilika hawatamhitaji.

Kisha zikaja ndege. Tulilala sakafuni mchana kutwa tukisikia risasi zinapita juu ya mabati. Siku waasi walipokimbia, askari wa serikali wakaingia pamoja na Wazungu wao wa kukodiwa, na kila aliyetoka nje alifunga kitambaa cheupe kichwani ili asidhaniwe mwasi. Nilirarua shuka, nikajifunga, nikaenda Kapalata kwa miguu.

Yaya alikuwa hai. Waasi walikuwa wamekimbia wakamwacha pale pale kwenye kiti chake, mbele ya meza, na askari walimkuta hivyo. Ofisa mmoja alikuwa anaizunguka meza akigusa barabara kwa fimbo.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi," alisema yaya.

Niliingilia. "Chef, huyu iko ndugu yangu. Miguu yake haifanye kazi. Walimulazimisha."

Ofisa hakuniangalia. "Wote walilazimishwa," alisema. "Tangu asubuhi sijaona hata mumoja aliyependa."

"Alikuwa anatengeneza mchezo wa treni. Waulize majirani. Muulize hata Mgiriki wa duka la..." Lakini Mgiriki alikwenda zamani, na majirani walikuwa uvunguni mwa vitanda vyao.

Walimnyanyua kwa makwapa na kumweka kwenye lori lililojaa watu. Hakukuwa na nafasi ya kiti. Yaya alinitazama kutoka kule juu, akasema, "Mwambie mama nimekula." Lori likaondoka. Nilikimbia nyuma yake kidogo, kisha askari mmoja akainua bunduki, nikasimama.

Nilirudi nyumbani nikisukuma kiti kitupu. Nilipofika kwenye barabara yetu niliona mama amesimama nje, nikatamani njia irefuke.

Miezi iliyofuata nilizunguka ofisi zote, za askari, za mji, za reli. Kila mahali waliniambia nirudi kesho, mpaka wakafika wengine ambao hawakujua hata nauliza nini. Ndugu zetu walikuja kutoka Maniema, wakashauri tufanye matanga, tulie, tumalize. Baba mdogo alimwambia mama kwamba kukaa hivi kunaumiza zaidi.

"Nani alikuambia amekufa?" mama alimuuliza.

Baba mdogo alinigeukia mimi nimjibu. Nilikisogeza kiti cha yaya kivulini. Ndugu walikaa siku chache, wakala, wakarudi kwao, na mama aliendelea kupakua sahani ya yaya kila jioni na kuifunika.