Njegere za Mulenge Kando ya Ziwa

Mukabalisa alishuka kutoka milima ya Mulenge na watoto wake, sufuria mbili, na njegere zilizofungwa kwenye kona ya kitenge. Sufuria zilipotea njiani. Njegere zilifika Uvira, mji wa kando ya ziwa. Mama yake alizipanda, na nyanya yake kabla ya hapo, na kwa lugha yao huziita amashaza. Mbegu ikikaa mno bila kupandwa hufa kimya, na ukiitazama huwezi kujua. Hiyo ndiyo hofu aliyoshuka nayo.

Sasa amepanga nyumba mtaa wa Nyamianda, na analima kipande cha mchanga kando ya ziwa alichoachiwa na jirani yake, Pétronille. Huyu ni mzaliwa wa hapa, binti wa mvuvi, na bustani yake ni lengalenga, biringanya na matembele. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo. Nilikuwa nikiona pakiti za mbegu kutoka mbali zikigawiwa kwa wakimbizi, picha zikipigwa, na damu ilinichemka: mbona hakuna anayewauliza wanawake hawa wamekuja na nini? Nikaenda kuuliza mwenyewe.

Mukabalisa alinionyesha zilizobaki, konzi moja tu.

"Mwaka wa kwanza zilichanua vizuri," aliniambia. "Maua meupe kama nyumbani. Kisha yakadondoka yote. Mwaka wa pili, vilevile. Sikupata hata ganda moja."

"Ulipanda lini, mama?"

"Mvua ya kwanza. Kwani watu wanapanda lini?"

Pétronille, aliyekuwa akimwagilia biringanya, alicheka mpaka akaweka ndoo chini, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Teta! Weye uko unalima ku ziwa, lakini kichwa kingali ku mulima! Siye hapa tunangojea mvua iishe."

"Iishe? Halafu mimea inywe nini, maneno yako?"

"Inywe ziwa!"

Ndivyo wanavyofanya ufukweni. Ziwa hujaa mpaka mwezi wa tano, kisha kipwa, yaani kiangazi, kikianza, mvua ikikatika, hurudi nyuma polepole na kuacha ukanda wa ardhi yenye unyevu. Wanawake hulifuata, mstari wa mboga baada ya mstari. Miaka hii ziwa limepanda sana na ukanda umekuwa mwembamba, lakini bado upo. Nilipomsikiliza Pétronille, jambo moja nililolisoma likanirudia: ua la njegere halivumilii usiku wa joto. Na usiku wa Uvira hupoa kidogo wakati wa kipwa. Je, ingewezekana? Sikujua. Hakuna kitabu nilichosoma kilichozungumzia njegere za mlimani zilizopandwa mchangani.

Mwezi wa sita ulipofika, wakati wa kupanda, nilimshauri abakize nusu ya mbegu.

"Zimekaa sana," akasema. "Nikibakiza, nitakuwa ninabakiza maiti." Akazifukia zote.

Kisha akasimamisha uzio wa matete upande wa milima, kama walivyozoea kwao kukinga mimea na upepo wa baridi. Pétronille akaja, mikono kiunoni.

"Mbona unafunga upande wa Mulenge? Unaogopa njegere zitatoroka zirudi nyumbani?"

Hata mimi nilicheka. Lakini Pétronille hakukosea. Hapa milima iko magharibi, nayo hutupa kivuli mapema jioni. Jua linalochoma ni la asubuhi: linachomoza upande wa ziwa, na maji yanalirudisha usoni mwako. Mukabalisa aling'oa uzio, akauhamishia upande wa maji, huku akinung'unika kwa Kinyamulenge maneno ambayo hakuna aliyemwomba ayatafsiri.

Maua yakatoka. Kisha yakaanza kudondoka. Mukabalisa akaacha kwenda bustanini. Pétronille ndiye aliyemwagilia, mpaka asubuhi moja akaja kumvuta mkono jikoni.

"Njoo uone. Kuna moja iko na mimba."

Zilikuwa kadhaa. Maganda membamba, yamejificha chini ya majani, upande wa kivuli cha matete. Yalipokauka nilinyoosha mkono nionje punje moja, Pétronille akanipiga kofi. "Utakula mbegu ya mama ya mwenzako?"

Punje zilikuwa ndogo kuliko zile zilizoshuka kutoka mlimani. Ndogo, na zenye mikunjo. Zilikuwa na uhai? Hilo hatukulijua, na sote watatu lilitunyima raha. Mukabalisa alifunga chache katika kitambaa chenye maji, Pétronille akakiweka nyumbani kwake, mahali ambapo kuku hawafiki.

Siku chache baadaye, sikuwa nimemaliza chai ya asubuhi walipobisha hodi. Pétronille alikifungua kitambaa kwenye kiganja.

"Kijana, angalia. Iko na mkia."

Kimzizi cheupe, kimejipinda. Mukabalisa, nyuma yake, hakushangilia. Aliuliza tu ziwa litaanza tena kurudi nyuma lini, na mvua zenyewe za kulijaza zilikuwa hazijaanza.