Hewa Ndani ya Silinda

Mume wangu alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Mbeya, nami nilikuwa mfanya usafi palepale. Macho yake yalipoanza kumsumbua, mwalimu aliyesimamia utafiti aliniruhusu nimwandikie namba. Elimu yangu ya darasa la saba ilitosha.

Kazi ilikuwa kupima maji yaliyochanganywa na spiriti yanabanika kiasi gani, yaani yanapungua kiasi gani yakigandamizwa. Anajaza silinda ya chuma, anaifunga, anazungusha mpini; geji ya mgandamizo inapanda, naye anasoma mchanganyiko umepungua kiasi gani. Unapungua kidogo mno. Adui ni hewa. Kiputo kimoja kikibaki ndani, hewa ndiyo inayobanika, na namba inakuwa kubwa kwa uongo. Kwa hiyo kabla ya kufunga aliigonga silinda polepole kwa mwiko alioutoa jikoni kwangu, ili viputo vipande juu, kisha tukasubiri. Nilimtania kwamba hakuwahi kuwabembeleza wanetu namna ile. Akasema wanetu walilala upesi.

Mchanganyiko wa mwisho, wa kumi na mbili, aliupima akiwa mgonjwa. Aligonga mara mbili tatu, akafunga. Nilimwona. Akasoma, nikaandika. Baada ya wiki mbili tukamzika kwao Kilolo.

Niliporudi kazini, mwalimu alinionyesha jedwali lililokuwa tayari kuchapishwa, jina la mume wangu likiwa juu. Nilifurahi sana. Halafu nikaiona namba ile, chini kabisa. Niliogopa kwamba nikisema, jina litafutwa, na jina hilo halikuwa limeandikwa popote pengine ila msalabani. Nilikwenda kwanza nikadeki korido nzima. Kisha nikarudi, nikamweleza.

Mwalimu aliitazama namba ile. Akasema, "Mama, angekuwepo angeniambia mwenyewe."

"Siku ile alikuwepo, mwalimu, na hakusema. Alikuwa amechoka. Alitaka kwenda kulala."

Akachukua rula, akaikata namba kwa mstari mmoja, na kando yake akaandika kwamba kipimo hicho hakikukamilika. Nikamuuliza kuhusu jina. Akasema linabaki, maana zile kumi na moja nyingine mume wangu alizipima sawasawa.

Nikamwomba karatasi ile niishike kidogo kabla hajaipeleka.