Sambaza za Mama Solange

Kwa jumla tulilipa siku kumi na moja, jirani mmoja na nusu ya kichwa cha dada yangu. Nimezihesabu tena hizo siku, ni kumi na moja. Kila nikipita mtaa wa Birere, pale wanapouza majani ya kutapisha, ile harufu chungu inanirudisha kwetu, na ninaanza kuwachukia watu upya, mmoja mmoja, mimi nikiwemo.

Dada yangu Noella alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Ilianza kwa homa na kichwa kilichomuuma mpaka akajifunga macho kwa kitenge. Kwenye kituo cha afya cha avenue yetu walimpima malaria, hawakuiona, wakampa dawa ya malaria. Siku ya tatu ikawa tifoide, bila kumpima. Sindano ilikuwa tayari. Siku ya nne akamwita mama yetu "mwalimu", akatia viatu kwenye sufuria ya maharage na kuifunika vizuri. Nilicheka. Hata nyinyi mngecheka, msijitie utakatifu.

Shangazi hakucheka. "Hii hapana malaria," akasema. "Mutoto amekula karuho."

Karuho ni sumu ambayo mutu mwenye wivu husemekana kuitia katika chakula. Ikishatajwa, njia ya hospitali imefungwa, maana watu wanaamini sindano inamuua mwenye karuho palepale. Basi tukampakia kwenye pikipiki hadi kwa muganga wa karuho, upande wa Mugunga. Muzee yule alivaa saa mbili, na zote zilikuwa zimesimama. Hakumgusa Noella. Aliuliza tu, "Alikula kwa nani?"

Wote wakanigeukia. Nikajibu, "Kwa Mama Solange. Sambaza."

Jirani yetu huyo alikuwa ametuletea sahani ya sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, kumi na saba. Noella alikula watano. Kumi na wawili nilikula mimi, nyuma ya choo, na sikuumwa hata tumbo. Ningesema hivyo, habari ya sumu ingeishia pale. Lakini niliona Noella anavyobanwa pua ili anywe ndoo ya maji ya yale majani ya kutapisha, nikapiga hesabu: nikisema, ndoo inayofuata ni yangu. Nikanyamaza.

Siku ya sita wanawake wa avenue walimwaga barabarani makaa aliyokuwa akiuza Mama Solange.

"Sema ulimutilia nini mutoto wa batu," shangazi akamwambia.

"Ni ileile sambaza nilipikia bana bangu. Na huyu mudogo alikula. Mumuulize."

Mama yetu akaniangalia. "Ulikula?"

"Hapana."

Kesho yake Mama Solange alihama na vyombo vyake.

Siku ya tisa mkono wa Noella ulianza kuruka wenyewe, kisha mwili mzima. Muganga akasema sumu inatoka. Siku ya kumi na moja baba akarudi kutoka Rutshuru, hakuuliza mutu, akambeba hadi hospitali. Wakamtoa maji ya mgongoni, na daktari akasema virusi vimeingia kwenye ubongo.

"Ana siku ngapi hivi?"

"Onze, dokta," mama akajibu. Kumi na moja.

"Mungekuya siku ya ine, tungeanza dawa mapema." Siku ya nne aliitaja bila kupandisha sauti. Afadhali angetutukana.

Mama akauliza, "Na hiyo virusi, nani aliituma?"

Noella alipona kwa kiasi chake. Nyimbo za kanisa anazijua zote, lakini asubuhi alikula nini, hakumbuki. Baba alishafariki, na kila jioni Noella ananiuliza kama amerudi, na kila jioni nikimwambia analia kama ndiyo mara ya kwanza kusikia. Utotoni nilifikiri nalinda tumbo langu tu. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nikilipia kwa siku za mwenzangu.

Mama Solange sasa anauza makaa hukohuko Birere, karibu na mpaka. Mama yangu amezeeka, na bado anatema mate akisikia jina hilo. Nikianza kwa mama, namwambia kwamba alimfukuza mutu asiye na kosa huku mtoto wake akiharibika, na kwamba mwongo alikuwa binti yake mwingine, mimi. Nikianza kwa Mama Solange, Birere nzima itamfikishia mama habari kabla yangu. Nyinyi mliosoma mpaka hapa, muniambie: nibishe mlango gani kwanza?